Utumbo Unapofupishwa: Madhara Yanayochelewa

Mkulima wa Buger, katika Wilaya ya Karatu, anapokula ugali, maharage na maziwa, chakula hicho hupita katika utumbo mwembamba wenye urefu wa mita 6 hivi. Wanafunzi wengi huufikiria utumbo huo kuwa bomba lenye kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Fikira hiyo si sahihi, na kosa lake huonekana wazi pale sehemu ya utumbo inapokatwa au kurukwa kwa upasuaji.

Mgawanyo wa kazi

Sehemu ya kwanza, duodeno, ndiyo hasa hufyonza madini ya chuma na ina nafasi kubwa katika kufyonza kalsiamu. Sehemu ya pili, jejuno, hufyonza sukari, protini na mafuta kwa wingi. Sehemu ya mwisho, ileamu, ina kazi mbili ambazo nyingine haziwezi kuzishika ipasavyo: kufyonza vitamini B12, na kuzirudisha chumvi za nyongo kwenye ini ili zitumike tena kumeng'enya mafuta.

Mwaka 1954, Kremen, Linner na Nelson wa Minnesota, Marekani, walichapisha utafiti uliofanywa kwa mbwa. Mbwa waliopoteza nusu ya mwanzo ya utumbo mwembamba walistahimili. Waliopoteza nusu ya mwisho walishindwa kufyonza mafuta na wakakonda.

Funzo la upasuaji wa kupunguza unene

Baadaye madaktari walianza kuwatibu watu wanene kupita kiasi kwa kuurukisha utumbo. Katika njia iliyoelezwa na Payne na DeWind mwaka 1969, chakula kilipita katika sentimita 35 za jejuno na 10 za ileamu tu. Uzito ulipungua kweli. Lakini kadiri miaka ilivyopita yalizuka mawe ya figo, maradhi ya ini, maumivu ya viungo na udhaifu wa mifupa. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 njia hiyo ilikuwa imeachwa kwa sehemu kubwa.

Mawe ya figo yanaelezwa na kemia ya kawaida. Mboga kama mchicha zina oksaleti. Kwa kawaida kalsiamu huungana na oksaleti ndani ya utumbo, na mchanganyiko huo usioyeyuka hutoka na choo. Mafuta yasipofyonzwa, huinasa kalsiamu. Oksaleti hubaki huru, hufyonzwa katika utumbo mpana, hufika kwenye figo na kuganda huko pamoja na kalsiamu ya mkojo.

Ghala la ini

Kwa nini upungufu wa B12 huchelewa? Ini huweka akiba yake, nayo huweza kutosha miaka 3 hadi 5. Mgonjwa hupona kidonda, hurudi shambani, na huhesabiwa kuwa mzima, huku akiba ikipungua kimya kimya. Akiba ikiisha hutokea upungufu wa damu, ganzi ya miguu na kuyumba wakati wa kutembea. Mishipa ya fahamu ikiharibika kwa muda mrefu, huenda isirudi katika hali yake.

Jambo hili linahusu sana Afrika ya Mashariki. Hapa utumbo hukatwa pia kwa sababu ya kujisokota, ngiri iliyobanwa, au kutoboka kutokana na homa ya matumbo. Homa hiyo kwa kawaida hutoboa mwisho wa ileamu, yaani mahali pale pale panapofyonza B12. Kuondolewa kwa kipande kifupi hakuleti shida kubwa, kwani utumbo uliobaki hupanuka na vidoledole vyake hurefuka. Lakini zikiondolewa sentimita 60 au zaidi za mwisho wa ileamu, mgonjwa huhitaji kupimwa mara kwa mara, na mara nyingi sindano za B12 maisha yake yote. Kwa hiyo yafaa kila aliyepasuliwa ajue ni sehemu gani iliyoondolewa na kwa urefu gani.

Utumbo mzima usiofyonza

Urefu peke yake hautoshi. Haydom, katika nyanda za Mbulu, ilikuwa moja ya vituo 8 vya utafiti wa kimataifa ulioanza mwaka 2009 kuhusu maambukizo ya matumbo na utapiamlo wa watoto. Watoto walinyweshwa sukari mbili, laktulosi na manitoli, kisha mkojo wao ukapimwa. Manitoli ikiwa ndogo ni dalili kwamba eneo la kufyonza limepungua. Laktulosi ikiwa nyingi, ukuta wa utumbo unavuja. Maambukizo yanayorudiarudia huvifanya vidoledole kuwa butu, na mtoto mwenye utumbo kamili hukosa lishe kama aliyekatwa. Maji safi na choo bora, basi, ni sehemu ya lishe.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mtu aliyeondolewa mwisho wa ileamu hushindwa kufyonza mafuta, ingawa jejuno yake ni nzima?
2. Eleza kwa nini kunywa maziwa pamoja na mlo wa mchicha kunaweza kupunguza oksaleti inayofyonzwa.
3. Upungufu wa madini ya chuma na wa B12 yote huleta upungufu wa damu. Ni upi utakaotazamiwa iwapo chakula kimeiruka duodeno?