Mafuta ya Langilangi

Maua ya langilangi, ambayo wanawake wa pwani hutia katika vikuba, huko Visiwa vya Komoro ni mali ya biashara. Wakulima huukata mti kilele ili usirefuke, na matawi yafikiwe kwa mkono. Wachumaji hutoka alfajiri, nao huchagua maua ya manjano yenye alama nyekundu shinani. Yaliyo kijani huharibu mafuta. Asubuhi ile ile hutiwa mtamboni, mvuke ukapita kati yake, kisha ukapozwa, mafuta yakajitenga na maji. Mafuta ya saa za kwanza ndiyo ghali, tena hutiwa katika manukato ya Ufaransa. Lakini kazi huendelea hata saa 20. Kilo 50 za maua hutoa kadiri ya kilo 1 tu. Moto huo hula kuni nyingi mno, na misitu ya Anzwani imekwisha pungua sana.