Nondo wa Nafaka

Ukichukua hindi moja ghalani na kulitikisa, huenda akatoka kipepeo mdogo wa rangi ya majani makavu, akaruka kidogo, akatua karibu. Huyo ndiye nondo wa nafaka. Mabawa yake yakikunjuliwa, upana wake ni yapata nusu inchi tu. Mabawa ya nyuma ni ya kijivu, yamechongoka nchani kama kidole, nayo yana nywele ndefu ukingoni mfano wa matamvua ya shuka.

Watu wengi humwua wakidhani ndiye alaye mahindi. Sivyo. Nondo mzima hali nafaka kabisa. Siku zake ni chache, na kazi yake ni kutaga. Mlaji ni mwanawe. Yai huwa jeupe, kisha hugeuka jekundu, na funza atokaye humo hutoboa punje akaingia, wala hatoki tena mpaka amekuwa nondo. Katika punje ya mtama hukaa mmoja tu, bali katika punje ya mahindi waweza kukaa wawili au watatu. Kabla ya kugeuka hula njia hata karibu na nje, akaacha ganda jembamba tu, kama kioo cha dirisha. Nondo akiwa tayari hulisukuma ganda lile akatoka. Penye joto, toka yai hata nondo ni wiki nne au tano. Tundu lake ni la mviringo. La fukusi lina kingo zilizotafunwa ovyo.

Tena haanzi ghalani. Huyafuata mahindi shambani yangali yakikauka juu ya mabua, na mkulima akamchukua nyumbani bila kujua. Ndiyo sababu kuchelewa kuvuna ni hasara.

Huko Ufaransa, katika jimbo la Angoumois, nondo hawa waliharibu ngano vibaya, hata mwaka 1760 wakatumwa wataalamu wawili, Duhamel du Monceau na Tillet, wawachunguze. Waliona ya kuwa joto la tanuri huwaua funza ndani ya punje. Lakini mbegu haifai kutiwa katika joto kali, maana nayo hufa.

Kwetu lipo jambo jepesi zaidi. Nondo huyu ni dhaifu, hawezi kupenya chini ya chungu ya nafaka. Mahindi yaliyokaushwa, yakapukuchuliwa na kujazwa katika chombo kilichozibwa, huliwa juu juu tu. Yaliyowekwa na magunzi yake yana nafasi kati yake, naye huingia apendapo.

Siku ya kuchagua mbegu, geuza kila punje mwangani. Yenye tundu, nondo amekwisha toka. Yenye dirisha, yumo bado. Zitenge zote mbili, kwa kuwa kiini kikiliwa punje haioti.