KWA NINI MPENZI WA VITABU ANACHAGUA KIINGEREZA?

(Somo kwa wanafunzi wa kalasi ya tano na ya sita)



Kila mwaka, kisha Eksame ya Serikali, swali moja linatoka katika kila nyumba yenye finalisti: «Sasa utaenda kusoma nini?» Mmoja anajibu: udaktari. Mwingine: sheria. Mwingine: kilimo. Lakini katika kila kalasi kuko mmoja ao wawili tunaowajua wote, wale wenye kuficha kitabu chini ya meza wakati wa hesabu, wale wenye kusoma hata karatasi iliyofungia karanga. Mwanafunzi wa namna hii mara nyingi anajibu: «Kiingereza.» Baba ananyamaza. Mama anauliza: «Kiingereza kinaliwa?»

Swali la mama si la kijinga. Pesa ya masomo inatoka katika magunia ya mchele na bidoni za mawese, na wadogo wako nyuma wanangoja zamu yao. Mtu akikosa njia mara ya kwanza, mara nyingi hakuna mara ya pili. Kwa hiyo tulitazame neno hili polepole: kwa nini mpenzi wa vitabu anachagua Kiingereza, na ni sababu gani inayoweza kumbeba mpaka mwisho?

I. SABABU ZISIZOTOSHA

1. Sifa. Kijana anasikia mtu anazungumza Kiingereza katika radio, naye anapenda aitwe «mister» katika kartie. Sifa hii inakwisha mwaka wa kwanza, siku ya mtihani wa fonetiki.

2. Kukimbia hesabu. Ni kweli, wengi wanaopenda kusoma hawapendi hesabu. Lakini kukimbia kitu si sawa na kufuata kitu. Anayekimbia tu hajui atasimama wapi.

3. Kazi katika mashirika. Hii ina ukweli ndani yake. Inchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiingereza ni lugha ya kazi ya Jumuiya hiyo. Mtu mwenye kujua Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili anaweza kutafsiri barua, mkutano ao mapatano ya biashara. Lakini kujifunza kusema ni jambo moja, na kusoma Kiingereza katika chuo kikuu ni jambo lingine. Kama unataka kusema tu, kozi ya jioni ya miezi michache inaweza kutosha, na gunia moja la mchele litabaki nyumbani.

II. SABABU YENYE NGUVU: VITABU VYENYEWE

Sasa tuje kwa mpenzi wa vitabu. Yeye anafuata Kiingereza kama mwindaji anavyofuata nyayo, kwa sababu nyama imepita pale. Vitabu vingi anavyotaka vimeandikwa katika lugha hiyo. Na sisi wa Kasongo na Kabambare tunayo sababu ambayo wengine hawana: sehemu kubwa ya habari za kwanza zilizochapwa juu ya inchi yetu ziliandikwa kwa Kiingereza.

Tazameni. David Livingstone aliingia Maniema mwaka 1869. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimfunga miezi mingi mahali alipopaita Bambarre, ndiyo Kabambare yetu. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alipokuwa Maniema alisoma Biblia nzima mara nne. Mwaka 1871 alifika Nyangwe, juu ya mto Lualaba. Tarehe 15 Julai mwaka ule aliona watu wenye bunduki, wa kundi la wafanya biashara, wakipiga watu sokoni. Mamia walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula, wengine kwa risasi, wengine ndani ya maji. Karatasi ilikuwa imemwishia. Akaandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, kwa wino aliotengeneza kutoka matunda ya mti.

Kisha wakaja wengine. Cameron alifika Nyangwe mwaka 1874, na kitabu chake kilitoka 1877. Stanley alikutana na Tippu Tip huku Maniema mwaka 1876, na kitabu chake kilitoka 1878. Hivi vyote ni vya Kiingereza. Tippu Tip mwenyewe, aliyekuwa na makao katika Kasongo, alieleza maisha yake kwa Kiswahili. Maneno yake yaligeuzwa kwanza kwa Kijerumani, halafu kwa Kiingereza miaka ya 1958 na 1959, na kwa Kifaransa mwaka 1974.

Basi mtoto wa Wamaza anayependa vitabu, akitaka kujua wageni walisema nini juu ya wakubwa wa wakubwa wake, atakuta mlango umeandikwa kwa Kiingereza. Akiwa hana ufunguo, atabaki kuelezwa na wengine.

III. KUSOMA NI PIA KUPIMA

Hapa ndipo mwanafunzi wa idara ya Kiingereza anapaswa kumpita yule anayejua kusema tu. Anafundishwa kuuliza kitabu maswali. Nani aliandika? Aliandikia nani? Nani hakupewa nafasi ya kusema?

Mfano wa kwanza ni yale maandishi ya Nyangwe. Kitabu cha safari za mwisho za Livingstone kilichapwa London mwaka 1874, yeye akiwa amekwisha kufa, na rafiki yake Horace Waller ndiye alikitengeneza. Miaka zaidi ya 130 ilipita. Mwaka 2011 watu wa elimu walitumia picha za mianga ya rangi mbalimbali, wakaweza kusoma tena ule wino uliofifia juu ya gazeti. Wakaona kwamba maneno yaliyoandikwa pale pale Nyangwe si sawa mahali pote na yale yaliyochapwa. Kumbe hata kitabu cha mtu mwenye heshima kinaweza kupita katika mikono iliyokata na kulainisha. Anayejua jambo hili hatasema tena: «Ni kweli, juu kimeandikwa.»

Mfano wa pili ni Joseph Conrad. Mtu huyu alikuwa Mpolandi. Lugha ya mama yake ilikuwa Kipolandi, Kifaransa alikijua tangu utoto, na Kiingereza alikuja kukijifunza akiwa kijana wa miaka karibu 20. Lakini ni kwa Kiingereza alikuwa mwandishi mkubwa. Hilo litupe moyo sisi tunaoanza kwa kuchelewa. Mwaka 1890 alipanda mto Kongo mpaka Kisangani ya leo, na mwaka 1899 akatoa hadithi iliyojulikana dunia nzima. Hadithi hiyo inakosoa uroho wa wazungu, ndiyo. Lakini Wakongomani waliomo ndani yake hawasemi karibu neno lolote. Wanapita kama vivuli. Mwaka 1975 Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, alisimama mbele ya watu katika chuo kikuu kimoja cha Marekani akaeleza kosa hilo waziwazi. Aliwajibu kwa lugha gani? Kwa Kiingereza kile kile, nao wakasikia.

IV. HATARI: KUSAHAU NYUMBA

Wengine wanasema: «Kusoma Kiingereza ni kuacha Kifaransa na kuacha Kiswahili.» Si lazima, lakini hatari iko.

Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alisoma Kiingereza katika chuo cha Makerere, Uganda, akaandika riwaya zake za kwanza kwa lugha hiyo. Lakini mwaka 1968, akifundisha Nairobi, yeye pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliomba idara ya Kiingereza ifutwe, mahali pake iwekwe idara yenye kuanza na fasihi ya Afrika. Hawakuchukia vitabu vya Uingereza. Waliuliza: kwa nini mtoto wa Afrika aanze katika nyumba ya jirani kabla ya kuijua yake? Baadaye Ngũgĩ alirudi kuandika kwa Kigikuyu, mpaka alipokufa mwaka 2025.

Julius Nyerere alifanya namna nyingine. Yeye alisoma Edinburgh, alikipenda Kiingereza cha Shakespeare, akakileta nyumbani: mwaka 1963 alitoa tafsiri ya Kiswahili ya mchezo wa Juliasi Kaizari, na mwaka 1969 Mabepari wa Venisi. Na alikuwa rais wa inchi, mtu mwenye kazi nyingi kuliko sisi wote.

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, Kiswahili ni lugha yake ya utoto. Alifika Uingereza akiwa kijana, akasoma Kiingereza, akawa mwalimu wa chuo kikuu, na mwaka 2021 alipewa tuzo ya Nobel. Riwaya yake ya mwaka 1994 inaeleza safari ya wafanya biashara kutoka pwani mpaka ng'ambo ya ziwa kubwa, yaani kuja upande wetu. Ilikawia mpaka mwaka 2022 ndipo ilitoka kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Miaka 28! Hesabuni wenyewe vitabu vingapi vingine vinangoja mtu wa kuvivusha.

Na wetu wa Kongo? V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alifundisha Lubumbashi na kuandika riwaya kwa Kifaransa. Kisha akaenda Marekani, na mwaka 1988 akatoa kwa Kiingereza kitabu juu ya namna Wazungu walivyoitengeneza sura ya Afrika katika maandishi yao. Alikufa mwaka 2025. Hakutupa Kifaransa, aliongeza mlango wa pili.

Tukumbuke kwamba lugha yetu yenyewe imezoea milango mingi. «Kitabu» kimetoka kwa Waarabu, «buku» kwa Waingereza, «kalasi» kwa Wafaransa. Na mtoto anavisema vyote vitatu kwa siku moja bila kuumia ulimi.

V. NI KAZI GANI INAYOKUNGOJA?

Katika Vyuo vya Ualimu (ISP), kama kile cha Bukavu, idara inaitwa «Kiingereza na Utamaduni wa Afrika». Chuo Kikuu cha Lubumbashi pia kina idara ya lugha hiyo. Zamani mtu alisoma graduat miaka 3, kisha licence miaka 2. Katika mpango mpya wa LMD, licence ni miaka 3 na master miaka 2. Kabla ya kuchagua chuo, ulizeni kwanza habari ya njia na usalama: vita ilifika mpaka mjini Bukavu Februari 2025.

Mpenzi wa vitabu asidanganyike kwamba atakaa chini ya mwembe na riwaya. Atakuta fonetiki, sarufi, tafsiri, didaktiki na stage mbele ya wanafunzi wenye kelele. Fasihi ni sehemu moja tu. Vitabu mara nyingi ni vichache, na kitabu kimoja kinangojewa na wengi. Asiyependa kitabu kweli atachoka. Anayependa atanakili kurasa kwa mkono.

Na mama tumjibu nini? Tumjibu ukweli. Wengi wa idara hii wanakuwa walimu, na mshahara wa mwalimu sote tunaujua. Wengine wanatafsiri, wengine wanafanya kazi katika ofisi. Kiingereza peke yake hakitajirishi mtu. Lakini mwalimu mmoja anayesoma kweli anaweza kuamsha kijiji kizima cha wasomaji, na hilo ni faida hata kama haipimwi kwa kilo.

VI. JIPIME SASA, KABLA YA KUJAZA KARATASI

Usingoje chuo. Fanya hivi miezi mitatu:

1. Chukua sura moja fupi ya Injili ya Marko. Isome kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, mwisho kwa Kiingereza. Hadithi unaijua tayari, kwa hiyo maneno mapya hayatakutisha.

2. Andika katika kaye maneno matano kila siku, si hamsini. Hamsini yatakimbia.

3. Jihadhari na maneno yanayofanana. Kwa Kifaransa «librairie» ni duka la vitabu. Kwa Kiingereza «library» ni bibliotheki. Kwa Kifaransa «lecture» ni kusoma. Kwa Kiingereza «lecture» ni somo ambalo profesa anatoa kwa mdomo.

4. Tafsiri ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kwetu, umsomee mtu ambaye hakusoma shule. Kama anaelewa na anauliza «halafu?», umefanya vizuri.

Kisha miezi mitatu, kama bado unatafuta ukurasa mwingine, sababu yako ina mizizi. Kama umeacha juma la pili, shukuru kwamba umejua mapema, bila kuuza hata mbuzi mmoja. Chagua njia nyingine, na endelea kusoma vitabu kwa furaha tu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja sababu tatu zisizotosha. Ni ipi iliyo karibu na yako?
2. Kwa nini mtu wa Maniema anahitaji vitabu vya Kiingereza ili ajue habari za inchi yake?
3. Ngũgĩ na Nyerere walifanya njia mbili mbalimbali. Eleza kila njia. Wewe ungefuata ipi?
4. Uliza mzee mmoja wa kijiji chako habari ya zamani za Nyangwe ao Kasongo. Iandike kwa Kiswahili, nusu ukurasa, uilete kalasini. Vitabu vya wageni tunavyo. Maneno ya wazee wetu bado yanangoja mwenye kuyaandika.