Zaidi na Mara

Ndugu wawili walipanda minazi kwa shirika. Kwa kuwa mkubwa ndiye aliyenunua miche, walipatana ya kuwa kila waanguapo, yeye atwae nazi 12 zaidi ya mdogo wake. Hata minazi ilipozaa, waliangua nazi 60. Mkubwa akasema, "Nusu ya 60 ni 30. Nikiongeza 12, fungu langu ni 42." Mdogo akahesabu zilizosalia, akaona ni 18 tu. Akasema, "Kaka, umenipunja." Mkubwa akaapa kwamba hakumdhulumu, wakakaa siku mbili pasipo kusemezana.

Siku ya tatu walimwendea mzee mmoja, jirani yao. Mzee akawaambia, "Kwanza tengeni kando zile 12." Zikasalia 48. "Sasa gawanyeni sawasawa." Kila mmoja akapata 24. "Mrudishie mkubwa 12 zake." Basi mkubwa akawa na 36, na mdogo 24. Jumla ni 60, na tofauti ni 12, kama walivyopatana.

Mkubwa hakuwa na nia mbaya, ila hesabu yake ilikosa. Baada ya kugawa sawasawa, alizitwaa nazi 12 katika fungu la mdogo. Kila nazi iliyotoka huku ikaingia kule iliongeza tofauti kwa 2. Kwa hiyo tofauti ikawa 24, wala si 12.

Hesabu ya namna hii huandikwa kwa herufi, nayo huitwa aljebra. Herufi husimama mahali pa kiasi kisichojulikana. Fungu la mdogo liitwe n. Fungu la mkubwa ni n + 12. Basi:

n + n + 12 = 60
2n = 48
n = 24

Jina la aljebra latokana na neno la Kiarabu al-jabr, maana yake kurudisha kilichopungua. Neno hilo limo katika jina la kitabu alichoandika Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi huko Baghdad, yapata mwaka 820. Yeye hakutumia herufi wala alama. Alieleza yote kwa maneno. Sehemu kubwa ya kitabu chake yahusu kugawa mirathi, kwa maana hapo ndipo ndugu hugombana.

Yapasa mwanafunzi asome maneno ya swali kwa uangalifu, kwani neno moja hugeuza hesabu yote. "Zaidi ya" hutaka kujumlisha, bali "mara" hutaka kuzidisha. Kama mapatano yangekuwa mkubwa atwae mara tatu ya mdogo, basi:

n + 3n = 60
4n = 60
n = 15

Mdogo angepata 15, na mkubwa 45.

Pengine maneno yote mawili huja pamoja. Tuseme mkubwa atwae mara mbili ya mdogo, kasoro 6:

n + 2n - 6 = 60
3n = 66
n = 22

Mdogo apata 22, na mkubwa 38.

Aghalabu ni vyema herufi ipewe kiasi kile ambacho kingine kimelinganishwa nacho. Na kazi haijaisha mpaka jawabu limejaribiwa mara mbili: kwanza kwa jumla, kisha kwa mapatano. Jawabu la mkubwa lilikuwa sawa kwa jumla, kwa kuwa 42 na 18 ni 60. Ni mapatano yaliyolikataa.

Mazoezi

1. Wachungaji wawili wana mbuzi 84. Mmoja ana mbuzi 16 zaidi ya mwenziwe. Kila mmoja ana mbuzi wangapi?

2. Umri wa mama ni mara nne ya umri wa mwanawe. Jumla ya miaka yao ni 45. Mtoto ana miaka mingapi?

3. Vikapu viwili vina machungwa 50. Kikubwa kina mara mbili ya kidogo, na matano zaidi. Kila kikapu kina machungwa mangapi?