KISHIKWAMBI AU TARAKILISHI YA MEZANI: MFUKO MDOGO UCHAGUE NINI?

Na mwanafunzi wa kidato cha tatu

Katika Chama hiki tumezoea kuandika juu ya methali, ngeli na mashairi, na si vibaya. Lakini Kiswahili ni cha sokoni pia. Leo nataka tukitumie kupiga hesabu ya jambo linalowaumiza wazazi wengi vichwa: mtoto amesema anahitaji kompyuta ya kusomea, pesa ni kidogo, je, anunuliwe kishikwambi au tarakilishi ya mezani?

Swali hili linatuhusu sana sisi wa shule ya kutwa. Wenzetu wa bweni jioni bado wako shuleni. Sisi kengele ya mwisho ikilia, maabara ya kompyuta inafungwa na kila mtu anashika njia ya kwao. Ukitaka kuchapa kazi usiku ni saiba au ni kifaa cha nyumbani. Na pesa ya kifaa hicho mara nyingi ni ya kuchangwa: mama ametoa zamu yake ya chama, mjomba ameongeza, na pengine mbuzi ameuzwa. Pesa ya namna hiyo ikipotea hairudi upesi. Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Kwa heshima zote, leo nitawapinga kidogo. Mkulima mwenye pesa ya jembe moja tu hana budi kuchagua.

1. MAANA YA MANENO

Tarakilishi, au ngamizi kama wengine wanavyoiita, ndiyo kompyuta. Ile ya mezani ina vipande vinne: skrini, kibodi, kipanya na lile sanduku ambalo wengi huliita "sipiyu". Hapo tujisahihishe. Sipiyu, yaani kichakataji, ni kipande kidogo tu kilichomo ndani ya sanduku. Kuliita sanduku zima sipiyu ni sawa na kumwita mtu mzima ubongo.

Kishikwambi ni kile kibao chembamba cha kushika mkononi, kinachoguswa kwa vidole. Kila kitu kimo ndani yake: skrini, betri, kamera na spika. Kipakatalishi nacho ni kompyuta ya kupakata mapajani. Hicho leo tutakigusa kidogo tu.

Kwa upande wa umri, tarakilishi ya mezani ni mzee kuliko mwenzake. IBM ilitoa PC yake ya kwanza mwaka 1981, na iPad ya Apple ikaja mwaka 2010. Hapa Kenya hata serikali imewahi kupita katika njia panda hii. Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi, lakini vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa vishikwambi. Kwa hivyo mzazi anayekuna kichwa dukani asijione mjinga.

2. ANZA NA KAZI, SI NA KIFAA

Wengi huingia dukani na kuuliza, "Kizuri ni kipi?" Muuzaji naye atajibu kwamba kizuri ni kile kilichokaa dukani kwake siku nyingi. Swali la maana ni hili: kifaa hiki kitafanya kazi gani kila siku?

Kama kazi ni kusoma vitabu na karatasi za mitihani iliyopita, kutazama masomo ya video na kufungua masomo ya KICD kwenye mtandao, kishikwambi kinatosha kabisa. Unakishika kama kitabu, unasoma ukiwa kitandani au ukingojea chakula kiive, na hata kwenye matatu ukipata kiti.

Kama kazi ni kuandika kurasa nyingi, kutengeneza majedwali ya hesabu au kujifunza kuandika programu, tarakilishi ya mezani inashinda. Kibodi yenyewe ni kubwa, skrini ni pana, na unaweza kufungua kazi mbili kando kwa kando. Ukijaribu kuchapa insha ya kurasa tano kwa vidole juu ya kioo utaona kilichomtoa kanga manyoya.

Wenzangu mnaosoma somo la Kompyuta, hapa sikilizeni vizuri. Mtihani wenu wa KCSE una karatasi tatu: nadharia, vitendo na mradi. Nadharia unaweza kuisoma hata kwenye simu ya babako. Lakini vitendo na mradi vinataka mazoezi kwenye kompyuta kamili. Kwa mfano, Microsoft Access, ambayo hutumiwa sana kujenga hifadhidata, haina toleo la Android. Ukinunuliwa kishikwambi cha Android kwa ajili ya mradi huo, mzazi atakuwa ametoa pesa na wewe bado utarudi saiba kulipa.

3. ULIZA STIMA

Swali la pili ni la stima. Je, nyumbani ipo? Hupotea mara ngapi? Tokeni hulipwa na nani?

Tarakilishi ya mezani haina betri. Stima ikienda, nayo imekwenda, pamoja na kila sentensi ambayo hukuihifadhi. Kuna kifaa kiitwacho UPS kinachokupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Hicho kinunuliwe mbali. Kishikwambi kikichajiwa kikajaa kinaweza kukupa saa kadhaa za kusoma, na nyumba yenye sola ndogo inaweza kukichaji mchana.

Tupige hesabu, maana Kiswahili hakikatazi hesabu. Tuseme tarakilishi pamoja na skrini yake inakula wati 100, na wewe unaitumia saa 4 kwa siku. Hizo ni wati-saa 400. Kwa siku 30 ni wati-saa 12,000, yaani uniti 12. Kishikwambi chenye betri ya kadiri kikichajiwa mara moja kila siku hula kama wati-saa 33. Kwa siku 30 ni takriban uniti 1. Tukisema uniti moja ni shilingi 30, tarakilishi ni shilingi 360 kwa mwezi na kishikwambi ni shilingi 30. Tofauti ni shilingi 330 kila mwezi. Mahali pengine hiyo ni unga wa siku kadhaa.

4. BEI YA DUKANI SI BEI KAMILI

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Tuchukue mzazi mwenye shilingi 20,000. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, za kufanyia zoezi. Ukiwa Luthuli Avenue kule Nairobi au duka la mtaani kwenu, uliza zako uziweke mahali pa hizi.

Tarakilishi ya mezani, mtumba:
Sanduku: 9,000
Skrini: 3,500
Kibodi na kipanya: 800
Nyaya: 400
Kipokezi cha WiFi: 700
UPS: 5,000
Jumla: 19,400

Kishikwambi kipya:
Chenyewe: 14,000
Kava: 800
Kadi ya kumbukumbu: 900
Kibodi ya Bluetooth: 1,800
Jumla: 17,500

Umeona? Aliyeenda dukani akisema tarakilishi ni shilingi 9,000 amelipa zaidi ya mara mbili. Aliyesema kishikwambi ni 14,000 ameongeza 3,500. Sasa tia stima ya mwaka mmoja. Tarakilishi: 19,400 na 4,320, jumla 23,720. Kishikwambi: 17,500 na 360, jumla 17,860. Bando za mtandao sijazitia kwa kuwa kila mmoja atazihitaji. Ila kumbuka kuwa vishikwambi vingine vina mahali pa kutia laini ya simu, wakati tarakilishi itangojea WiFi au ichomekewe simu ya mtu.

5. KIKIHARIBIKA JE?

Msije mkadhani kesi imekwisha na kishikwambi kimeshinda. Ngojeni mwaka wa pili na wa tatu.

Tarakilishi ya mezani hufunguliwa kwa bisibisi. RAM ikiwa ndogo unaongeza. Diski ikifa unabadilisha diski peke yake. Kibodi ikimwagikiwa chai unanunua kibodi, si kompyuta nyingine. Mashine ya zamani yenye diski ya kuzunguka ikiwekewa diski ya SSD huamka upesi mpaka ushangae. Kwa ufupi inaweza kutibiwa kiungo kimoja kimoja.

Kishikwambi kimegandishwa kwa gundi. Betri imo ndani na RAM haiongezwi. Kikianguka kifudifudi, kioo chake kinaweza kugharimu pesa nyingi hata fundi akakushauri ununue kingine. Na nyumba yenye wadogo zako watatu, kuanguka si jambo la "kama", ni la "lini". Tarakilishi haibebwi ovyo na haisahauliwi kwenye matatu. Hata mwizi itamchosha.

Tena fikirini juu ya kushiriki. Kifaa kilichokaa mezani sebuleni ni cha nyumba nzima: kaka anachapa barua ya kuomba kazi, mama anaandika hesabu za chama, wewe unafanya mradi. Kishikwambi huishia mikononi mwa mmoja, na wengine wanabaki kulalamika.

6. MITEGO YA WANUNUZI

(a) Kishikwambi cha mtumba kilichofungwa. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akifute kirudi kama kipya, kisha kiwashwe mbele yako. Kikiomba akaunti ya Google ya mwenyewe wa kwanza na muuzaji haijui, rudisha pesa mfukoni. Na kikiwa na alama ya serikali au ya shule, usikiguse. Hicho ni mali ya watoto wengine.

(b) Lipa pole pole. Tuseme amana ni 3,000, kisha shilingi 60 kila siku kwa siku 365. Hizo 60 zinafika 21,900. Ongeza amana, ni 24,900 kwa kifaa cha 14,000. Na vingi vya aina hiyo hujifunga ukikosa kulipa, pengine usiku wa kuamkia mtihani. Kabla ya kutia sahihi, zidisha kwanza.

(c) Tarakilishi yenye Windows iliyopitwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inataka angalau RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 na kinga iitwayo TPM 2.0, kwa hivyo mashine nyingi za zamani haiwezi kukaa ndani yake kihalali. Muulize muuzaji waziwazi kama mashine inaikubali. Kama haikubali, si lazima uitupe. Kuna Linux Mint na Ubuntu, ambazo ni za bure, pamoja na LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu. Lakini ukihitaji Access yenyewe, hapo Linux haitakufaa.

(d) Saa inayorudi nyuma. Ukiwasha tarakilishi ya mtumba ukaona tarehe ni ya miaka mingi iliyopita, huenda betri ndogo ya ubao mama, yenye umbo la sarafu, imekwisha. Hiyo si kasoro kubwa na betri yenyewe ni rahisi, lakini itumie kuomba upunguziwe bei. Pia hakikisha tundu la waya wa skrini na la sanduku yanalingana. Usifike nyumbani ukapata havioani.

Kipakatalishi cha mtumba ni njia ya katikati, kwa kuwa kinabebeka na kina kibodi. Ila betri yake huwa imechoka, kwa hivyo ijaribu kwa nusu saa bila waya kabla ya kulipa.

7. UAMUZI

Baada ya mzunguko huo wote, maoni yangu ni haya. Nyumba isiyo na stima ya kutegemewa, au mtoto ambaye kazi yake kubwa ni kusoma, inunuliwe kishikwambi, tena kipya chenye risiti na garantii, hata kama si cha fahari. Nyumba yenye stima, ambayo kuna mtu wa kuandika, kupiga hesabu au kufanya mradi wa Kompyuta, inunue tarakilishi ya mezani, hata kama sanduku lake limechubuka na wageni wakicheka. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mng'aro wa kioo haujawahi kumaliza mradi wa mtu.

Na kama pesa haitoshi kwa chochote, usimlilie mzazi akope. Zungumza na mwalimu wa Kompyuta, ombeni mkiwa kikundi maabara ifunguliwe siku moja kwa wiki baada ya masomo. Ombi la wanafunzi kumi lililoandikwa kwa Kiswahili sanifu ni vigumu kulitupa kapuni.

ZOEZI

1. Tarakilishi inakula wati 80 na hutumiwa saa 3 kwa siku. Inakula uniti ngapi kwa siku 30? Uniti ikiwa shilingi 30, gharama ni ngapi?
2. Kishikwambi kinauzwa kwa amana ya 2,500 na shilingi 50 kila siku kwa siku 300. Bei kamili ni ngapi?
3. Taja kazi tatu ambazo wewe hufanya kwa kompyuta katika wiki moja. Kwa kila kazi, sema kifaa kipi kinafaa na kwa nini.
4. Jadili: "Mchagua jembe si mkulima."

Majibu ya swali la 1 na la 2 yaletwe kwa Katibu wa Chama. La 4 tutalijadili siku ya mkutano. Njoo na hoja zako na ujitayarishe kupingwa. Kwaheri ya kuonana.