Joto Lako Linapita Wapi, Mdogo Wangu?

Mdogo wangu unayeanza maisha huko Ntobeye, wilayani Ngara, najua orodha ya vyombo umeshaiandika, na juu kabisa umeweka zile sufuria za stili zinazong'aa. Kabla hujatoa hela, nisikilize kidogo. Kuna jambo tunafundishwa darasani, halafu tunaliacha hukohuko: kila kitu kigumu kina uwezo wake wa kupitisha joto, na uwezo huo unatofautiana mno.

Alumini hupitisha joto takribani mara 15 zaidi ya stili isiyoshika kutu, na mara 300 hivi zaidi ya udongo wa kuchoma. Kwa hiyo kwenye stili nyembamba joto hubaki palepale ndimi za moto zilipogusa. Ugali unaungua katikati huku pembeni bado uji. Nunua alumini yenye kitako kinene. Humo joto husambaa kitako kizima, chakula kikaiva sawasawa. Lakini usidanganywe dukani kwamba unene au wembamba wake ndio utakaoharakisha maji kuchemka. Kwenye kuni, kinachochelewesha ni joto la moto kuingia kwenye sufuria. Likishaingia, alumini hailizuii. Ukitaka haraka, kinga moto usipeperushwe na upepo, na funika.

Chungu nacho usikitupe kwa sababu shoga yako amekicheka. Kinachelewa kupata moto, ni kweli, ila kikishaupata maharage yanaendelea kutokota hata ukivuta kuni nje.

Nikuambie na la kulala, maana Ngara ni milimani na usiku wake unaujua. Sakafu ya saruji na mkeka uliolala juu yake vina joto lilelile, lakini ukikanyaga saruji unaona baridi, kwa sababu inanyonya joto la mguu wako upesi. Mtoto mchanga usimlaze kwenye kitenge kilichotandikwa juu ya saruji tupu. Weka mkeka, magunia makavu, ndipo godoro. Na mabati ni membamba kiasi kwamba mchana yanakupikia chumba na usiku yanakimbiza joto lote. Mkipata fedha, anzeni na dari ya chumba cha kulala kabla ya rangi ya ukutani.

Sasa kuni, ndilo hasa lililonikalisha chini kukuandikia. Waulize mama zako wa Ngara kuhusu 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, wakimbizi zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco, walikopiga kambi, ikageuka mji. Watu wale walipaswa kupika, wangefanyaje? Miti ikakatwa, na kila siku waliokwenda kutafuta kuni wakalazimika kufika mbali zaidi. Wanaobeba mzigo huo kichwani ni wanawake na mabinti, wakati ule na leo. Ndiyo maana kila kuni usiyoichoma naihesabu kuwa mapumziko ya shingo yako.

Ili uzipunguze, tengeneza kikapu cha joto, kinachoendelea kuivisha chakula bila moto. Tafuta kikapu kikubwa, kijaze majani makavu ya migomba au nguo kuukuu, acha shimo la kutosha sufuria, na ushone mto mnene wa kufunika juu. Kinachofanya kazi humo ni hewa iliyonaswa kati ya majani, kwani hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo kuliko karibu kila kitu ulicho nacho nyumbani. Majani yakilowa, maji yanachukua nafasi ya hewa na joto linatoroka. Yaanike au yabadilishe.

Maharage yaloweke usiku kucha, maji yale yamwage. Yachemshe kwa nguvu nusu saa, usipunguze, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ambayo joto hafifu haliimalizi. Sufuria iwe imejaa vizuri, maana iliyo nusu hupoa haraka. Ifunike, iingize kikapuni ikiwa bado inatokota, nenda shambani, na mkataze kila mtu kuchungulia. Mama mkwe akikishangaa kikapu, usibishane naye, mpakulie kwanza. Ila kabla ya kupakua, rudisha sufuria motoni mpaka ichemke tena, na kama maharage yamekuwa ya uvuguvugu kwa muda mrefu, yamwage, usimpe mtu.