Elimu ya Kuwafundisha Viziwi

Sisi wa kidato cha sita huulizana kila siku, "Wewe utasomea nini?" Mmoja hujibu udaktari, mwingine sheria, mwingine uhandisi. Mimi nikijibu kwamba nataka kusomea elimu maalum, yaani elimu ya kuwafundisha watoto wasiosikia, wasioona na wenye ulemavu mwingine, wenzangu hucheka. Husema, "Kazi hiyo yataka huruma tu, chuo kikuu cha nini?" Basi nimeona vema niwajibu katika gazeti letu. Huruma ni jambo jema, lakini huruma peke yake haijamfundisha mtoto yeyote kusoma. Nitachukua mfano wa viziwi.

Shida ya kiziwi ni nini?

Watu wengi hudhani kwamba kiziwi amekosa sauti tu. La, hasara yake kubwa ni lugha. Mtoto asikiaye huingia darasa la kwanza akiwa anajua maneno mengi mno, wala hakuna aliyeketi kumfundisha. Aliyaokota kwa masikio, jikoni, shambani na michezoni. Mtoto aliyezaliwa kiziwi, ikiwa hakuna nyumbani ajuaye lugha ya ishara, hufika shuleni bila lugha hata moja. Akili anayo. Lakini mwalimu akiandika "kesho" ubaoni, mtoto huyo hana neno lolote kichwani la kulilinganisha na maandishi yale. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu wake si kusoma wala hesabu, bali ni kumpa lugha.

Labda utasema, "Na atazame midomo." Jaribu mwenyewe. Simama mbele ya kioo, useme pasipo sauti: baba, kisha mama, kisha papa. Je, umeona tofauti? Midomo hufanya kazi ile ile mara tatu. Tena sauti za k na g hutoka nyuma ya kinywa ambako jicho halifiki. Asomaye midomo huona sehemu tu ya maneno, na sehemu iliyobaki hana budi kuikisia. Mtu aliyekwisha kujua lugha aweza kukisia. Asiyeijua atakisia nini?

Elimu hii ilivyoendelea

Katika karne ya 18 padre mmoja Mfaransa, de l'Épée, alianzisha shule ya viziwi mjini Paris, akafundisha kwa ishara. Kutoka shule hiyo mwalimu kiziwi, Laurent Clerc, alikwenda Marekani mwaka 1816 pamoja na Thomas Hopkins Gallaudet, na mwaka uliofuata wakafungua shule mjini Hartford. Mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyokipa chuo cha viziwi cha Washington ruhusa ya kutoa digrii. Chuo hicho, ambacho hata leo ni kidogo kikilinganishwa na vyuo vikuu vingine vya nchi ile, ndicho Chuo Kikuu cha Gallaudet.

Lakini mwaka 1880 walimu waliokutana Milan, Italia, walikata shauri kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema tu, na ishara ziachwe. Shauri hilo liliwaumiza wengi, maana kwa muda mrefu shule nyingi zilikataza ishara. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza pale Gallaudet, alitoa maandishi yaliyoonyesha kwamba ishara za viziwi wa Marekani ni lugha kamili yenye kanuni zake, wala si kuchezacheza mikono.

Mtu aliyeifikisha elimu hii katika nchi nyingi za Afrika ni Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Alabama mwaka 1925. Alipokuwa na miaka 11 aliugua homa ya uti wa mgongo, akawa kiziwi. Masomo ya sekondari aliyamaliza kwa njia ya posta. Mwaka 1954 alihitimu Gallaudet, akiwa mtu mweusi wa kwanza kupata digrii ya chuo hicho, kisha akaongeza masomo ya ualimu. Mwaka 1957 alifika Accra, Ghana, akaanza kufundisha. Hata alipokufa alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13, na viziwi wengi aliowafundisha wakawa walimu wa wenzao. Alikufa tarehe 3 Desemba 1987 katika ajali ya ndege huko Rwanda, nchi jirani yetu.

Kwa nini nasema haya

Binti wa baba mdogo ana miaka 12, naye ni kiziwi tangu kuzaliwa. Achota maji, apika, na kuhesabu fedha za sokoni hakosei. Shule hajaiona. Likizo iliyopita wazee walipozungumza habari za karo, waliuliza, "Karo ya nini kwa asiyesikia?" Hawakusema kwa ubaya. Hawajapata kumwona kiziwi akisoma kitabu, sembuse kiziwi mwenye digrii. Niliwasimulia habari za Foster, wakanyamaza kwa muda. Baba mdogo akauliza shule iko wapi. Jambo hilo bado halijaamuliwa, nami nahofu, kwa kuwa lugha hushika vizuri zaidi katika utoto, na kila mwaka upitao humpunguzia binti huyu nafasi.

Hapa Uganda katiba ya mwaka 1995 yaitaja lugha ya ishara kwamba iendelezwe. Elimu maalum hufundishwa Kyambogo, Kampala, chuo kikuu kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, kimoja kikiwa chuo cha taifa cha elimu hiyo. Huko ndiko nitakakoomba nafasi.

Nanyi wanafunzi wa zamani mlio walimu, huenda mnaye darasani mtoto asiyesikia vizuri, naye adhaniwa kuwa mvivu. Mketisheni mbele. Msemapo mwelekeeni, wala msiseme huku mmegeukia ubao. Msisimame mkiwa na dirisha nyuma yenu, kwa maana mwanga utaifanya nyuso zenu ziwe giza. Andikeni maneno mapya ubaoni. Na wazazi wenye mtoto kiziwi waambieni wamtafutie shule mapema, nao wenyewe wajifunze ishara, ili mtoto awe na mtu wa kuzungumza naye arudipo nyumbani.